Mizani zinanikataa

*Bibi, nilikuwa nikitunga mashairi na kuyapeleka gazetini karibu kila wiki, na wasomaji walinijua kwa lakabu yangu. Miaka sita iliyopita mama, ambaye nilikuwa nikiishi naye, alipata kiharusi. Nikawa namuuguza, kalamu nikaiweka. Alifariki mwaka jana. Sasa nafasi ninayo, lakini kila nikikaa kutunga, mizani zinanikataa: mshororo huu una 15, ule una 17. Vina nilivyokuwa nikivipata huku naosha vyombo sasa navitafuta usiku kucha. Naona haya hata kurudi kwa malenga wenzangu, maana wataniuliza nilikuwa wapi. Nyumba imekuwa pana, hata redio siwashi. Je, kipaji huondoka?*

*Mwalimu, Muheza*

Pole kwa msiba, mwanangu. Na pole nyingine kwa ile miaka ya kuuguza, maana hiyo watu huisahau. Kumgeuza mgonjwa kitandani saa nane ya usiku, kisha saa moja asubuhi uwe mbele ya ubao, hakuna anayekuja na kanga na sukari kukupa pole yake.

Barua yako ni ndefu kuliko ilivyo hapa gazetini, nami nimeisoma mara tatu. Kurasa mbili umenieleza habari za mizani na vina. Mama yako umempa sentensi chache. Lakini pembeni mwa karatasi, kwa kalamu ya rangi nyingine, umeongeza kwamba kila shairi ulikuwa ukimsomea yeye kabla ya kulitia kwenye bahasha, na mshororo ukipinda aliguna tu, "mh," huku anaendelea kuchagua mchele. Kiharusi kilipomchukulia kauli, nawe ukanyamaza.

Mwanangu, hapo ndipo penye jambo. Ushairi wetu wa vina ni wa sikio. Mtungaji mzoefu hahesabu mizani; anazisikia, na vidole huja baadaye kuthibitisha. Wewe ulikuwa na masikio manne. Sasa umebaki na mawili, nayo yamechoka, ndiyo maana unahesabu kwa vidole tangu neno la kwanza. Kutu ipo pia, sitakudanganya. Miaka sita ni mingi. Ila 15 na 17 ni majirani wa 16 unazozitafuta, na mtu aliyepoteza kipaji hapotei karibu hivyo.

Kwa hiyo tafuta sikio. Sisemi utafute wa kuchukua nafasi ya mama, hayupo. Namsema mwanafunzi wako mmoja anayependa Kiswahili, au jirani anayekuja kuazima kinu. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alipotunga utendi wake mwaka 1858, mwili ukiwa umeshadhoofika kwa maradhi, aliyekuwa akisema naye ni binti yake, Mwana Hashima. Mtu mmoja. Sisi wengine wote tunaousoma leo tumekuja kusikiliza mlangoni.

Ukishampata, tunga ubeti mmoja kwa siku, usizidi, baada ya alasiri wakati nyumba bado ina mwanga. Usome kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa ndipo silabi imepungua au imezidi. Parekebishe papo hapo, wala usiichane karatasi.

Kuhusu malenga wenzako: usiwatungie shairi la kueleza ulikuwa wapi. Najua linakuvuta, kila anayerudi hulitaka hilo kwanza, nalo huwa zito kama gunia la mahindi mabichi. Adam Shafi, mwandishi wa riwaya, alitoa *Kuli* mwaka 1979, na *Vuta N'kuvute* ikatoka 1999. Sijakutana na msomaji aliyeifunga riwaya hiyo ili adai maelezo ya miaka 20 iliyo katikati. Ukurasa wa mashairi unaishi kwa kujibizana. Mmoja auliza, wengine wajibu. Chagua swali la mtu, ulijibu kwa beti tano, uweke lakabu yako ile ile chini. Watakaokukumbuka watafurahi, na wageni watadhani umeanza leo.

Lakini hayo ni ya wiki zijazo. Kwa leo ninalo jambo dogo zaidi. Chukua nakala ya barua yako uitazame sentensi hii: "Nyumba imekuwa pana, hata redio siwashi." Hesabu. Nane kwenye ukwapi, nane kwenye utao, na mkato umeuweka mahali pake hasa. Hukuzihesabu ulipoandika, kwa sababu ulikuwa unamwambia mtu. Kina cha kati ni *na*, cha mwisho *shi*, na vyote viwili vina maneno ya kutosha.

Isome kwa sauti jioni hii, humo humo alimokuwa akikaa mama. Kisha niletee mishororo mitatu iliyobaki.