Masizi kwenye ekzosi

SWALI: Gari langu la petroli linazunguka Singida mjini tu. Nikifuta ncha ya ekzosi, siku chache baadaye ni nyeusi tena. Nifanyeje?

JIBU: Hayo masizi ni kaboni ya petroli isiyoungua yote. Safari fupi fupi huyaongeza, kwani injini baridi hupewa petroli nyingi zaidi. Anza na ea klina, maana vumbi na upepo wa Singida huiziba mapema. Usiipulize kwa kompresa yenye presha kubwa, karatasi hutoboka, nunua mpya. Kisha fundi apime plagi, nozeli na sensa ya oksijeni. Sensa ikichoka, petroli humiminwa kupita kiasi. Masizi makavu yaoshe kwa sabuni, bomba likiwa limepoa. Yakiteleza kama mafuta, usichelewe: huenda injini inakula oili.