Je, Elimu ya Setilaiti ni Fardhi Kifaya?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Malaba, wilayani Tororo. Kaka yangu, aliyemaliza shahada ya uhandisi, alimwomba baba msaada ili asome uzamili wa mawasiliano ya simu na setilaiti. Baba akanigeukia mimi: "Wewe unayesoma dini, niambie. Elimu hii itamfaa nini kaburini?" Nilinyamaza. Nikarudi chuoni na swali lile.

Wanavyuoni wamegawa fardhi mafungu mawili. Fardhi ain ni ya kila mtu, kama sala. Fardhi kifaya wakiitekeleza wanaotosha, wengine wamesalimika. Wakiiacha wote, wote wana dhambi. Imam Ghazali, katika Ihyaa Ulumid-Din, alitaja udaktari na hesabu katika fungu hili la pili, kwa sababu jamii haisimami bila elimu hizo.

Je, leo jamii inasimama bila mawasiliano? Hapa mpakani muuza mahindi hulipwa kwa simu. Programu ya kibla hujua mahali tulipo kwa mawimbi ya setilaiti, kisha hutuelekeza kaskazini, mashariki kidogo. Sote tunatumia, wangapi wetu wanajua kuviunda?

Na inawezekana. Waganda watatu, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, walikwenda kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, wakaunda PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliyorushwa tarehe 7 Novemba 2022. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za ardhi, lakini picha haifai kitu bila mawimbi ya redio ya kuishusha duniani. Hapo ndipo anapohitajika msomi wa mawasiliano.

Hata hivyo, yapo masharti. Kwanza nia: asome ili awafae watu, si kwa kujionyesha. Pili, fardhi kifaya haiondoi fardhi ain; maabara si udhuru wa kuacha sala. Tatu, ada isitoke katika mkopo wa riba. Bora asubiri ufadhili.

Nilimpigia baba simu nikamweleza hayo yote. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Basi mwambie kaka yako aombe hiyo nafasi. Lakini Alfajiri asiikose."

Wabillahi tawfiq.