Wimbo Usio na Kiitikio

Wanachama wenzangu, tumezoea wimbo wa redio uwe na beti na kiitikio, tena uishe kwa dakika tatu hivi. Mwaka 1975 kundi la Queen la Uingereza lilitoa "Bohemian Rhapsody", utungo wake Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Unachukua karibu dakika 6 na hauna kiitikio! Unaanza kwa sauti bila ala, unaingia piano ya taratibu, unageuka opera, halafu gitaa linanguruma, mwisho unatulia. Kuunganisha sehemu zisizofanana hivyo ni desturi ya roki ya progresivu. Hata hivyo, ulikaa nambari 1 Uingereza kwa wiki 9.

Basi sisi tunaobishana klabuni kuhusu mashairi yasiyo na vina, funzo ndilo hili: ukiacha kiitikio, kila sehemu lazima iiandae inayofuata. Vinginevyo ni fujo tu, jamani.