Picha ni Amana: Niliyojifunza Milimani Murukulazo

Mtu aliyezaliwa pwani kama mimi, ambaye macho yake yamezoea bahari na nuru inayorudishwa na mchanga mweupe, hupata taabu anapofika Ngara kwa mara ya kwanza, maana huko ardhi haitulii: kilima hukipa mgongo kilima, migomba huzificha nyumba, na ukungu wa alfajiri hujaa mabondeni hata ukadhani ni ziwa, kisha jua likipanda ziwa lile hutoweka na mahali pake huonekana mashamba ya maharage. Nimekwenda Murukulazo, kata mojawapo ya wilaya hiyo ya mkoa wa Kagera, mara nne katika muda wa miaka sita, nikiwa na kamera moja na lenzi mbili, na haya nayaandika kwa ajili ya kijana anayeniuliza mara kwa mara afanyeje ili apate picha njema za watu na za mahali pasipo pake.

Kabla sijamjibu, yambidi ajue kwamba Ngara si karatasi tupu. Ukitoka Kahama kwa basi utapita Nyakanazi na Lusahunga, wilayani Biharamulo, ndipo uingie Ngara, na kabla ya mpaka wa Rusumo utafika Benaco, mji mdogo wa malori na migahawa. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu takriban 250,000 waliokimbia vita vya Rwanda walivuka daraja la Rusumo, na Benaco ikawa kambi kubwa iliyotangazwa duniani kote. Miongoni mwa wapiga picha waliofika alikuwamo Sebastião Salgado, Mbrazili aliyekuwa mchumi wa shirika la kimataifa la kahawa jijini London kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1973 akashika kamera, na taswira alizozichukua, moshi wa meko maelfu na hema zisizo na mwisho, zimo katika kitabu chake cha wahamaji wa dunia kilichotoka mwaka 2000. Ni picha kubwa, na ni za kweli. Lakini wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996, na Wahangaza na Washubi, ambao ndio wenyeji, walibaki na mashamba yao, na taswira ile ikabaki juu ya nyuso zao.

Nayajua haya kwa sababu yalinifika. Katika safari yangu ya pili nilimpiga picha, kwa idhini yake, mama mmoja aliyekuwa akirudi sokoni, amejitwisha mkungu wa ndizi na mkeka uliokunjwa, nikaipeleka picha hiyo kwa gazeti moja bila ya maelezo ila neno “Ngara” na tarehe. Ikatoka, na chini yake mhariri ameandika kwamba huyu ni mkimbizi yuko safarini. Mwalimu wa kijijini akamwonyesha mama yule katika simu yake. Niliporudi hakunigombeza, alinikaribisha, akaniwekea kigoda, kisha akaniuliza, “Mwanangu, mimi nimekimbia nini? Hapa nilizaliwa, na mama yangu amezikwa chini ya migomba ile.” Mhariri alikosa, lakini mlango wa kosa niliuacha wazi mimi. Tangu siku ile nashikilia kwamba maneno yaliyo chini ya picha ni nusu ya picha, na mpiga picha asiyeyaandika yeye mwenyewe amewaachia watu wasiojua wamalizie kazi yake.

Kwa hiyo daftari ni chombo cha kwanza, hata kabla ya lenzi. Andika jina kama mwenyewe anavyolitamka, kisha umsomee akusahihishe; andika kitongoji, tarehe, anachokifanya, na ruhusa aliyokupa ni ya nini: ya gazeti, ya maonyesho, au ya kuwekwa ukutani kwake tu. Mama niliyemtaja hapa juu simtaji jina, kwa kuwa ruhusa yake ilikuwa ya picha ile peke yake. Mwandishi wa Kimarekani Susan Sontag, katika kitabu alichokitoa mwaka 2003, alimlaumu Salgado kwa jambo hili hili, kwamba mashuhuri hutajwa majina na wanyonge huachwa wawe mifano ya kazi zao au ya dhiki zao. Mimi naheshimu mno kazi ya Salgado, aliyefariki Mei 2025, na najua kwamba katika umati wa Benaco kuuliza jina la kila mtu kulikuwa muhali. Lakini sisi tunaopiga picha wakati wa amani, na mtu ameketi mbele yetu na uji unachemka, hatuna udhuru.

Ama kuhusu kuingia, ingia kwa barua. Pata barua ya utambulisho halmashauri ya wilaya, uipeleke kwa mtendaji wa kata, naye akufikishe kwa mwenyekiti wa kijiji, na huyo akukabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wako wanaosema huku ni kupoteza wakati. Mimi naona ndiko kubisha hodi kwa mujibu wa taratibu za leo, na fauka ya hayo wilaya hii imepakana na Rwanda na Burundi, na mgeni mwenye kamera asiyejulikana ni haki atiliwe shaka. Vituo vya mpakani, madaraja na askari usiwaelekezee lenzi bila idhini, na ndege isiyo na rubani usiirushe pasipo kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kisha siku mbili nzima kamera ikae mkobani. Safari yangu ya kwanza sikufanya hivyo: nilisimama juu ya kilima, nikamlenga kwa lenzi ndefu mzee aliyekuwa ameketi uani kwake peke yake, kwa kuwa mwanga ulikuwa umemwangukia vizuri. Aliniona, akanyanyuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Jioni nikaambiwa kwamba wiki ile alikuwa amemzika mkewe. Asubuhi nilikwenda nikampa pole, nikaifuta picha ile mbele ya macho yake, na kwa muda uliobaki nilikwenda kwake kila siku bila kamera. Lenzi ndefu naitumia kwa ndege na kwa vilima. Kwa watu natumia ile fupi, inayonilazimisha nisogee hadi hatua mbili au tatu kutoka usoni mwa mtu, mahali ambapo haiwezekani kupiga picha bila ya kuamkiana.

Mwanga wa huku una tabia zake, na hapa nitakaa kidogo. Mvua za masika zikikatika, mwezi wa Mei, hewa huwa safi na vilima vya mbali huonekana kimoja kimoja. Kuanzia Juni hadi Agosti vumbi jekundu na moshi wa mashamba yanayochomwa huitandaza nuru, jua la magharibi likawa kama kaa, na mtu aliyesimama kati ya moshi huonekana amezungukwa na mwanga laini usiopatikana pwani. Kamera yenyewe hudanganyika. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya anga nyeupe, kipimo cha kamera hulisikiliza anga, na uso hutoka kama kivuli kisicho na macho. Pima mwanga usoni, uliache anga liungue. Ndani ya nyumba mambo hugeuka: giza likiwa kubwa kamera huzidisha mwanga hata ngozi ikapauka kama majivu, basi punguza kidogo, na umkalishe mwenyeji karibu na mlango, ubavu wake ukielekea nje. Taa ya kamera siiwashi ndani ya nyumba ya mtu, maana huondoa kile hasa kilichonileta, namna nuru ya kwao inavyoingia kwao. Kahawa inapoanikwa, uwanja wa kuanikia huwa kioo: nuru hupanda kutoka chini na kufuta makunyanzi ya uso, na wazee hupenda picha za hapo.

Katika pikipiki, kamera ikae ndani ya mfuko wa plastiki na kisha mkobani, na lenzi usibadilishe njiani hata kama twiga amesimama. Kwa wanyama, hifadhi ya Burigi-Chato, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, haiko mbali, na ina utaratibu wake wa kiingilio; sitasema zaidi, kwa kuwa nimeingia humo mara moja tu.

Mwisho wa kazi ni kurudi. Tangu safari ya tatu, kila niliyemchukua picha nasafisha nakala yake Mwanza, katika karatasi nzuri, na nyuma yake naandika jina na tarehe kwa kalamu isiyofutika, kisha naipeleka kwa mkono wangu. Mzee yule wa uani, baada ya miaka mitatu, aliniita mwenyewe akaketi mlangoni, akavaa koti, na picha yake ipo ukutani kando ya kalenda. Mwaka jana nilipeleka nakala saba. Sita zilifika. Ya saba, ya binti aliyebeba dumu la maji huku akiniangalia kwa makini sana, ingali mkobani mwangu, kwa sababu nilikuta ameolewa Biharamulo. Dada yake amenielekeza kijiji, nami nitampelekea Julai, barabara ikikauka.