Pampu Haikuwa na Shida ya Beringi

Mwaka jana nilikuwa PT kwenye kituo kimoja cha kusukuma maji, Nyanda za Juu Kusini. Nikakuta pampu inayolia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya sufuria. Fundi mkuu, tuliyemwita Mzee, alishabadilisha beringi mara mbili ndani ya miezi mitatu. Kila akifungua, mtaa mzima unalala bila maji. Na kelele inarudi vilevile.

Wenzangu wa mekanika, hili tulifundishwa, tukafanyia mtihani, tukasahau. Maji hayasubiri nyuzi 100 ili yachemke. Yakiwa na joto la nyuzi 25, presha ikishuka hadi kama kilopaskali 3.2, yanachemka. Kwenye pampu ya sentrifugali, presha hushuka zaidi pale maji yanapoingia kwenye impela. Vipovu vinazaliwa pale, vinasogezwa penye presha kubwa, vinabomoka ghafla, na kila kimoja kinagonga chuma. Ndiyo kavitesheni. Na kule juu, mita 1,700 hivi, presha ya hewa ni takribani kilopaskali 82, si 101 kama Dar. Yaani pampu inaanza kazi ikiwa na akiba ndogo.

Nilibandika akselerometa kwenye kasha la pampu, upande wa kuvutia maji. Impela ina mapanga 6 na inazunguka mara 1,480 kwa dakika, kwa hiyo kilele cha Hz 148 ni mapanga yakipita tu, hakuna ugonjwa hapo. Beringi mbovu ingeonyesha vilele vyembamba vinavyojirudia kwa mpangilio. Mimi niliona kitu kingine: kuanzia kilohezi chache kwenda juu, grafu nzima imenyanyuka, haina kilele cha kushika. Vipovu havina ratiba.

Kitabu kinasema pampu ina kavitesheni pale kimo cha msukumo kinaposhuka kwa asilimia 3. Ukisubiri hapo umechelewa, vipovu vimeanza kula chuma zamani. Geji yetu ya upande wa kutolea ilikuwa imetulia kabisa! Ila mtetemo nao usiuamini peke yake. Kavitesheni ikikomaa, wingi wa vipovu unakuwa kama godoro na kelele inaweza kupungua. Usishangilie.

Kwa hiyo tukafunga geji upande wa kuvutia, tukabana vali ya kutolea kidogo. (Ya kuvutia usiiguse, utazidisha tatizo.) Presha ya kuvutia ikapanda, kokoto zikanyamaza. Beringi mbovu isingejali. Tukafungua chujio la bomba la kuvutia: majani na tope tupu. Kulisafisha, nusu saa.

Mwisho wa mwezi impela ilitolewa kwa matengenezo. Mapanga yalikuwa na vitundu kama ubao ulioliwa na mchwa. Mzee aliigeuzageuza, akanitazama.

“Kijana, hicho kidude chako cha kubandika kinauzwa bei gani?”