Korongo katika Zaburi na katika Wimbo

Katika somo la mwezi huu twataka kujifunza jinsi watunzi wa nyimbo za Mungu walivyovitazama viumbe vyake. Nasi tumemchagua ndege mmoja tu, yaani korongo mweupe.

Fungueni Zaburi ya 104. Mtunzi wake hasifu viumbe kwa jumla tu, bali ataja kila kimoja kwa jina lake na mahali pake: punda mwitu penye maji, wibari, ndiye pimbi, majabalini, simba atafutaye chakula usiku, na mtu aendaye kazini jua likiisha kupanda. Korongo naye atajwa, pamoja na mti akaao. Nchi ya Palestina iko katika njia ya ndege hao, nao hupita huko kwa makundi makubwa kila mwaka.

Sasa twende Ujerumani. Mwaka 1653 ulipigwa chapa wimbo wa majira ya joto wa Paul Gerhardt, mchungaji wa Mittenwalde, wenye beti 15. Katika zile za kwanza twaona kuku na vifaranga vyake, mbayuwayu alishaye makinda, nyuki, ngano, na korongo ajengaye nyumba na kukaa ndani yake. Neno hili la nyumba msilipite upesi. Vita vya Miaka Thelathini vilikwisha mwaka 1648, miaka mitano tu kabla. Na mji wa Gräfenhainichen, alikozaliwa Gerhardt, uliteketezwa na askari wa Sweden mwaka 1637. Mtu ajuaye habari za nyumba zilizochomwa amtazama ndege ajengaye! Wala hamfanyi kuwa mfano mara moja. Amwacha kwanza afanye kazi yake. Akiisha kuvitazama vyote, ndipo akiri kwamba hawezi kunyamaza, na karibu na mwisho aomba yeye mwenyewe awe mti mwema katika bustani ya Mungu. Wako wasemao kwamba kutazama ndege na maua ni kazi ya watu wasio na shida. Sisi hatukubali.

Siku zile watu wa Ujerumani hawakujua kwa hakika korongo huenda wapi wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na Klütz, aliuawa korongo mwenye mshale mrefu wa Afrika uliopenya shingo yake, naye alikuwa ameruka nao mpaka Ulaya! Wengi hufika kwetu Afrika ya Mashariki tangu Novemba hata Machi hivi, wakala nzige na viwavi mashambani, kisha hurudi kaskazini kujenga.

Basi akitokea mtunzi katika sharika zetu, asiiimbe ile nyumba ya korongo, maana huku kwetu hajengi. Na amwimbe kama amwonavyo, mgeni atembeaye polepole shambani akiokota nzige.