Kabla ya Kuuza Sambusa, Tupige Hesabu

Safari hii ni kwa wale mnaotaka kuanza biashara ndogo hapa Marekani, na wale ambao tayari mmeanza lakini mwisho wa mwezi hamwoni pesa imekwenda wapi.

Mara kwa mara mama mmoja hukaa mbele yangu ofisini na kusema, "Mwanangu, watu wote kanisani wanasifu sambusa zangu. Nataka niuze." Namwamini, maana nimezila. Lakini kabla ya kuzungumza juu ya jina la biashara nachukua karatasi, tunaandika.

Tuseme anapika sambusa 120 za nyama kwa siku moja. Nyama, unga, vitunguu na mafuta ya kupikia ni dola 38. Vifungashio dola 6. Petroli ya gari dola 8. Jiko la kukodi lenye kibali, saa 3 kwa dola 15 kila saa, ni dola 45. Jumla dola 97. Akiuza kila sambusa kwa dola moja na zote zikaisha, anapata dola 120. Kinachobaki ni dola 23. Sasa tuhesabu muda: saa 2 za kununua vitu, 3 za kupika, 3 za kuuza. Amefanya kazi saa 8 kwa dola 23, yaani hata dola 3 kwa saa hazifiki. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na majimbo mengi yako juu ya hapo.

Wengi wakifika hapa hunyamaza kidogo. Kisha husema, "Basi nipikie nyumbani, hilo jiko la kukodi niliache." Hapana, mama. Majimbo mengi yanaruhusu kuuza vyakula vilivyopikwa nyumbani kama mikate na biskuti, visivyohitaji friji. Sambusa ya nyama kwa kawaida haimo. Sheria hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, kwa hiyo uliza kwanza idara ya afya ya kaunti yako.

Njia iliyobaki ni kubadilisha kitu. Nilipokuwa mtoto kambini Nyarugusu, mama yangu aliuza maandazi. Unga ulipopanda, hakugusa bei. Andazi lilipungua ukubwa. Wote waliouza walifanya hivyo na wanunuzi walielewa, kwa sababu mfukoni hakuna aliyekuwa na zaidi. Huo ulikuwa ubunifu wa mahali pale. Hapa mteja ni mwingine. Mwenyeji anayeonja sambusa kwa mara ya kwanza hailinganishi na bei ya kambini. Kwa dola moja na nusu, sambusa zilezile 120 zinaleta dola 180, na kinachobaki ni dola 83, zaidi ya dola 10 kwa saa. Hata akiuza 100 tu na 20 zikaliwa na watoto, anabaki na dola 53.

Watu wetu watalalamika, najua. "Dola moja na nusu? Umekuwa Mmarekani!" Unaweza kuwawekea bei ya dazeni, lakini wawe wameagiza na kulipa mapema. Oda ya mapema inakuonyesha ununue nyama kiasi gani, na hakuna kinachobaki. Jaribu wiki nne, uandike kila siku, ndipo uamue kama unaendelea. Usiache kazi ya mshahara kabla ya hapo.

Deni ndilo linaloua biashara zetu kuliko bei. Shemeji anachukua dazeni mbili, "nitakupa Ijumaa," nawe unaona aibu kumdai. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mtaji wa mama yangu uliisha hivyo: nusu ilikuwa kwa majirani, na nusu tuliila wenyewe mdogo wangu alipougua. Kama pesa ya biashara ingekuwa kwenye kopo lake, sijui kama ingepona, lakini angalau tungejua tumekula kiasi gani. Hapa kopo hilo ni akaunti ya benki ya pili. Sambusa za shemeji zilipie kutoka mfukoni mwako, uziandike kama zawadi.

Kuhusu kodi, faida yako ya mwaka ikifika dola 400 unatakiwa kuwasilisha ripoti ya kodi, hata kama una kazi nyingine. Takriban dola 14 katika kila 100 za faida huenda kwenye kodi ya kujiajiri, na kodi ya mapato inaweza kuongezeka juu yake. Kodi inatozwa kwenye faida, si kwenye mauzo yote, hivyo risiti ya nyama ni pesa, msizitupe. Familia zinazopata msaada wa chakula pia ziripoti kipato hiki.

Ukihitaji mtu wa kukushauri, SCORE ni shirika la wafanyabiashara wenye uzoefu wanaojitolea kushauri bure. Tunaweza kukusaidia kupanga miadi na kutafuta mkalimani.

Ukija ofisini kwa jambo hili, leta risiti za mara tatu za mwisho ulizopika, hata kama ulipikia sherehe ya nyumbani. Tutaanzia hapo.